Pisa mnara umelala watu wanalipa kiingilio, wangu ukuta umelala nimefukuza fundi. Nitajieni majengo mengine ya aina hii duniani

Mzee wa Goba

Habari za jioni wakuu.

Iko hivi. Najenga huku Goba, kanyumba ka kawaida tu vyumba vitatu, sasa wiki mbili zilizopita nimeenda saiti jumamosi nakuta ukuta wa upande wa jirani umelala. Na sio kidogo, maana hata mama watoto ambaye timazi haijui alisimama pale getini akaniuliza "baba Neema, huu ukuta unaelekea wapi?" Nikamuita fundi. Fundi ananijibu bosi hayo ni macho yako, na hata kama umelala kidogo plasta itamaliza. Plasta! Tukagombana pale mbele ya vijana wake, nikamlipa salio lake akafungasha na pima maji yake ambayo kwa akili yangu nayo imelala.

Usiku nimekaa na hasira zangu namsimulia mdogo wangu wa kike yuko Ujerumani anasoma, yeye anacheka tu, ananiambia kaka tulia kuna mnara Italia umelala miaka na miaka na watu wanapanga foleni na hela wanatoa. Nikacheka na mimi ila ile kitu ikanikaa kichwani mpaka leo. Yaani mtu kakosea, badala ya kubomoa watu wanasafiri kutoka Japani kuja kuliangalia kosa lake.

Sasa swali langu. Huyo mdogo wangu ametualika mimi na mama Neema mwakani mwezi wa sita, visa ikitoka tutakuwa na kama wiki tatu. Sitaki kwenda kusimama chini ya Eiffel na watu elfu kumi wote wameinua simu. Nataka majengo ya zamani yenye kituko, yaliyopinda, yaliyokosewa, au yaliyojengwa na mtu ambaye majirani walikuwa wanamuona kachanganyikiwa. Hata ya nje ya Ulaya wekeni maana sio mimi peke yangu nitakayesoma uzi huu. Ila naomba mtu aseme alichokiona au anachokijua vizuri, mambo ya kukopi na kubandika tuachane nayo.

Na swali la pembeni kwa mainjinia: Pisa kwanini haudondoki?

---

Kapuku Mwandamizi

Mkuu hapo Goba weka kibao tu, watu wazima buku mbili watoto jero. Utarudisha hela ya tofali kabla ya kupaua.

---

Injinia wa Udongo

Mzee wa Goba nakujibu hilo la Pisa maana ndio kazi yangu na pale nimepanda mwenyewe, nilikuwa kwenye kozi Milano nikachukua treni wikiendi.

Kwanza watu wengi wanadhani mnara ulijengwa ukanyooka halafu baadae ukaja kulala. Hapana. Walianza 1173, wamefika ghorofa ya tatu mnara ukaanza kuzama upande wa kusini. Pale chini ni udongo laini, mfinyanzi na mchanga mchanga, na msingi wenyewe una kina cha kama mita 3 tu, hebu fikiria mnara wa mita 56 hivi, uzito wake tani 14,500, umekalishwa juu ya kitu kama uji uliopoa. Fundi wa leo angeambiwa jenga usiku na mchana tumalize. Wao bahati yao vita ikawaokoa, mji wa Pisa ukawa unapigana na majirani zake, saiti ikasimama karibu miaka mia. Huo muda udongo ukapata nafasi ya kujikaza chini ya mzigo. Wangeendelea kupandisha bila kusimama ungekuja chini zamani sana na leo hakuna ambaye angekuwa anauongelea.

1272 wakarudi na fundi mkuu mwingine, Giovanni di Simone. Huyu ndio alifanya kitu ambacho mafundi wetu pia wanakifanya kila siku: akajaribu kurekebisha akiwa juu. Ghorofa za juu akazipa kimo kirefu zaidi upande unaozama ili mnara urudi kwenye mstari. Matokeo yake mnara haujalala tu, umekunjika kama ndizi. Ukisimama kwa mbali upande wa ubavuni utaliona hilo, wengi hawalioni kwa sababu wako busy kupiga picha ya kuusukuma kwa mikono. Chumba cha kengele kimekuja kumalizika 1372. Miaka mia mbili kasoro mwaka mmoja, na sisi tunalalamika SGR.

Halafu kuna waliokuja kuusaidia wakauharibu. 1838 msanifu mmoja akachimba kuzunguka kitako cha mnara ili watu waone nguzo zilizozama, mnara ukashtuka ukazidi kulala. 1934 serikali ya Mussolini ikaamua kuunyoosha kwa kudunga zege kwenye msingi, ukazidi tena. Mwaka 1989 mnara mwingine wa mji wa Pavia, huo ulikuwa haujalala kabisa, ukaanguka ghafla ukaua watu wanne, ndio wakaogopa wakafunga Pisa Januari 1990. Ulishafika digrii 5 na nusu hivi.

Dawa iliyokuja kufanya kazi ni ya kishamba ukiisikia: badala ya kuinua upande uliozama, wakaenda upande wa pili ule wa kaskazini, wakawa wanachimba udongo kidogo kidogo kwa mirija, unatoa kidogo unasubiri, unapima, unatoa tena. Mnara wenyewe ukajikalisha kurudi nyuma. Wakapata karibu nusu mita juu kule kileleni, wakauacha kwenye digrii 4 hivi, wakafungua tena Desemba 2001. Wangeweza kuendelea kuunyoosha ila nani atalipa tiketi kuona mnara ulionyooka?

Ukipanda sikiliza miguu yako. Ngazi ni marumaru na zinazunguka, zimelika kwa miguu ya watu, na kila ukizunguka kulika kunahama, upande huu unajikuta unabanwa ukutani, ukizunguka unavutwa upande wa pili. Kichwa kinakwambia uko sawa miguu inakataa. Tiketi ni za muda maalumu, begi huingii nalo, na mtoto chini ya miaka 8 haruhusiwi.

Swali kwako sasa: ukuta wako una kimo gani na juu umetoka sentimita ngapi? Dondosha timazi kutoka kozi ya juu (yaani mstari wa juu wa tofali), pima chini, leta jibu.

---

Mama Tunu Oldenburg

Jamani kaka Mzee wa Goba kama mdogo wako yuko Ujerumani ya kaskazini msihangaike mpaka Italia kwanza. Kuna kijiji kinaitwa Suurhusen, karibu na Emden huku pembeni kabisa baharini, wana kanisa dogo la matofali lina mnara mfupi mnene umelala kuliko Pisa. Digrii 5.19, kitabu cha rekodi cha Guinness kiliuandika 2007. Mimi nimeenda na watoto wa shule ya jumapili, tumefika hakuna foleni, hakuna muuza maji, kuna makaburi na ng'ombe upande wa pili wa barabara.

Mnara wenyewe una mita 27 na kidogo, na hauna madoido, ni mraba wa matofali na paa, ndio maana ukiuona unastuka. Pisa unajua ni pambo. Huu unaonekana kama jengo la kawaida ambalo jana usiku lilikunywa.

Na sababu yake ndio ilinifurahisha. Huku zamani kulikuwa ni majimaji matupu kwa hiyo mnara walipouongeza kwenye kanisa 1450 wakaukalisha juu ya magogo ya mwaloni. Gogo likikaa ndani ya maji muda wote halipati hewa kwa hiyo haliozi. Likakaa karne na karne. Karne ya 19 watu wakachimba mifereji wakakausha ardhi wapate kulima, maji yakashuka, magogo yakaonja hewa, yakaoza, mnara ukaanza kwenda. Walifunga 1975 wakaogopa utawaangukia waumini, wakauimarisha, wakafungua 1985. Ibada zinaendelea mpaka leo, na ukikaa benchi la nyuma unakuwa unauwaza tu.

---

Kapuku Mwandamizi

"Linaonekana kama jengo ambalo jana usiku lilikunywa" 😂😂 mama Tunu umeniua

---

Nesi wa Midlands

Ngoja na sie wa Uingereza tuseme letu. Chesterfield, mji uko kusini ya Sheffield kidogo. Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, mnara wake una ncha ndefu ya mbao imefunikwa risasi (madini ya risasi sio ya bunduki) na hiyo ncha haijalala tu, IMESOKOTWA. Kama mtu kakamata ice cream ya mashine akaizungusha. Imejizungusha kama digrii 45 na kileleni imetoka nje ya mstari karibu mita 3. Mimi nilikuwa napita na basi naenda shift ya usiku, sijui kitu chochote, mwezi wa kwanza huo niko Uingereza, nimeangalia dirishani nikajisemea basi hii ndio stress wanayoisema, macho yameanza.

Wenyeji wana hadithi zao. Moja inasema shetani alikaa pale juu kupumzika akanusa ubani wa kanisani akapiga chafya mkia wake ukiwa umezunguka ncha. Nyingine ya kiswahili kabisa: eti bibi harusi mmoja alikuja kufunga ndoa pale akiwa bikira, mnara ukashangaa ukageuka kumtazama, na siku akija mwingine utanyooka wenyewe. Wamama wa Chesterfield wanaicheka wenyewe. Timu ya mpira ya pale jina lao la utani linatokana na hiyo ncha.

Ukweli wanaoeleza ni mbao mbichi. Karne ya 14, na wengine wanasema tauni ilikuwa imeua mafundi wengi wazuri, waliobaki wakajenga na mwaloni ambao haujakauka na bila mbao za kutosha za kukatisha ndani. Halafu juu yake wakaweka risasi tani 33.

---

Seremala Keko

Nesi hapo kwenye mbao mbichi umenigusa. Mbao mbichi inafanya kazi zake yenyewe baada ya wewe kuondoka, mimi nimeshatengeneza mlango wa mninga mteja ana haraka anataka ndoa ya binti yake, nikamwambia mzee mbao haijakauka akasema weka, miezi minne ananipigia simu mlango haufungi nimemuibia. Sasa hao waliipakia na risasi juu. Jua likipiga upande mmoja risasi inatanuka upande huo, mbao inavutika, kesho tena, kesho tena, kwa miaka 600. Mimi sishangai kupinda, nashangaa bado iko juu.

---

Mtu wa Bukavu

Jambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko mtu wa Bukavu, naishi Lyon mwaka wa tisa, kiswahili changu mtanisamehe.

Ndugu wa Goba umesema unataka na jengo la mtu ambaye watu walisema kichwa chake si sawa. Hauna haja ya kutafuta mbali. Kusini ya Lyon kuko kijiji Hauterives, na ndani mule kuko jumba linaitwa Palais Idéal. Lilijengwa na mtu mmoja, mikono miwili, Ferdinand Cheval. Hakuwa fundi, hakuwa msanifu, hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa posta, wa kutembeza barua kwa miguu, kila siku kilomita kama 30 kwenye vijiji vya milima.

1879, yeye ako na miaka 43, anatembea na barua zake, mguu unagonga jiwe karibu aanguke. Analiokota aliangalie, ni jiwe la namna ya ajabu, anatia mfukoni. Kesho anarudi pale pale anakuta mengine. Basi ikaanza hivyo. Mfuko ukajaa mawe, bibi yake analalamika suruali zinachanika, akaanza kubeba kikapu, kikapu kikawa kidogo akaenda na toroli. Mchana barua, usiku kwenye bustani yake ya mboga na taa ya mafuta, chokaa, simenti na waya. Watu wa kijiji walisema mzee amepotea. Miaka 33! Alimaliza 1912, yeye mwenyewe ameandika ukutani: siku 10,000, masaa 93,000, miaka 33 ya taabu.

Na kitu amejenga si nyumba, hakuna mtu anaweza kulala mule. Urefu mita 26. Upande mmoja kuko majitu matatu marefu yamesimama, Caesar wa Roma, Vercingetorix shujaa wa Ufaransa ya kale, na Archimedes mwanasayansi wa Ugiriki, miguu yao mirefu sawa ya korongo. Nyuma kuko msikiti, kuko hekalu la kihindi, kuko nyumba ya Uswisi, nyoka, tembo, mitende, yote ya mawe madogo madogo. Mtu hakusafiri hata siku moja kwenda huko, alikuwa anaona picha kwenye magazeti na kadi za posta alizokuwa anapelekea watu! Mimi hapo ndipo nilisimama sana. Dunia yote ilipita ndani ya mfuko wake ya barua.

Toroli lake liko mule ndani, amelijengea chumba chake. Yeye alitaka azikwe mule pia, serikali ikakataa. Akasema sawa, akaenda makaburini akaanza kujenga kaburi lake kwa namna ile ile, miaka 8 ingine, akamaliza 1922. Alikufa 1924, miaka 88. Na 1969 waziri wa utamaduni André Malraux akaliweka kwenye orodha ya majengo ya kulindwa ya Ufaransa, wakubwa wengine walikuwa wanasema ni takataka.

Treni haifiki kijijini, utashuka mji wa karibu uchukue basi ao gari. Nenda na siku nzima, na usisahau kaburi, watu wengi wanaliacha.

---

Mzee wa Goba

Mtu wa Bukavu ndugu yangu nimesoma hii mara mbili, ya pili nimemsomea mama Neema kwa sauti. Amesema kama ni mimi angeshanirudisha kwetu jiwe la kumi. Hii imeingia kwenye orodha.

---

Njoro Westcoast

Wadau niko LA (Los Angeles, Marekani), mtu wa Nakuru. Hiyo story ya postman imenishangaza coz hapa kwetu kuna karibu kitu hiyo hiyo na hata miaka ni ile ile, 33! Watts Towers. Mtaliano anaitwa Simon Rodia, kazi yake ilikuwa ya kuweka vigae na mambo ya ujenzi, alianza 1921 nyuma ya nyumba yake akamaliza 1954. Minara ya chuma, mrefu zaidi ni kama mita 30, imevishwa waya na simiti halafu amepachika vipande vya sahani, makombe ya baharini, chupa za soda zile za kijani, kila kitu kilichovunjika mtaani. Watoto walikuwa wanamletea sahani zimevunjika, nadhani kuna mama wengi Watts walitafuta sahani zao wakakosa.

Hakuwa na mashine, hakuwa hata na mirunda ya kupandia, alikuwa anapanda mnara wenyewe huku anaujenga, amejifunga ule mkanda wa watu wa kuosha madirisha. Chuma alikuwa anazikunja kwa kuzibana kwenye reli ya treni iliyopita hapo karibu na kwake.

Sasa sikiliza. 1955 aliamka akampa jirani shamba lote na minara yake akahama, akaenda mbali kaskazini na hakurudi tena. City ikakuja ikasema hii ni hatari ibomolewe. Watu wakapigana wakapewa sharti moja, ijaribiwe. October 1959 wakafunga kamba kwenye mnara wakavuta kwa nguvu ya pauni 10,000, hiyo ni kama tani 4 na nusu, umati umesimama unaangalia. Mnara haukutingishika. Kilichopinda ni mashine ya kuvutia 😂 Wakaacha.

Unashuka train kituo kinaitwa kwa jina la minara yenyewe, 103rd Street Watts Towers. Imezungushiwa uzio, wakati wa ukarabati unaona kwa nje, lakini bado inafaa.

---

Bin Rashid Maskati

Assalaam aleikum jamaa. Mnaendelea na Ulaya tu, hamji huku? Mimi nipo Maskati, mzee wangu alitoka Unguja 64, kwa hivyo Kiswahili ndicho cha nyumbani hapa.

Ngome ya Nizwa, saa moja unusu kwa gari kutoka hapa. Haikupinda wala haikujengwa na mwendawazimu, lakini hila iliyomo ndani sijaiona kwengine. Imam Sultan bin Saif al-Yaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati 1650, ndiye aliyeijenga, inasemwa miaka 12. Ni duara moja kubwa nene, na ndani nusu yake imejazwa udongo, si tupu, ili mizinga ikipigwa ukuta usitetereke. Ngazi za kupandia ni nyembamba, zinakata kona, kila kona mlango, na mbele ya mlango pana shimo lililokuwa likifunikwa kwa ubao. Adui akija ubao unaondoshwa anatumbukia. Juu ya mlango sasa kuna tundu. Unadhani wakimwaga nini? Asali ya tende inayochemka! Maji ya moto mtu hujifuta, asali ya tende inaganda na mwili.

Na asali yenyewe wakiitoa humo humo ngomeni. Kuna chumba sakafu yake ina mifereji midogo sambamba, wanapanga magunia ya tende moja juu ya moja, uzito wenyewe unakamua, asali inateremka kwenye mifereji mpaka kwenye mtungi. Nimempeleka mama yangu, amesimama pale akasema "kumbe hawa watu silaha yao wakiila na kahawa."

Na mnajua ukoo huo huo ndio waliokuja Mombasa, mwanawe huyo Imam, Saif bin Sultan, ndiye majeshi yake waliizunguka Ngome ya Yesu tangu 1696 wakaingia Desemba 1698. Karibu miaka mitatu nje ya ukuta.

---

Mkereketwa

Samahani nitaonekana mchawi wa uzi. Kila mtu anataja Ufaransa Uingereza, hivi nyie mmeshafika Kilwa Kisiwani? Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14 mwanzoni, vyumba zaidi ya mia, bwawa la kuogelea lenye pande nane liko juu ya jabali linaangalia bahari, na jengo halikuwahi hata kumalizika. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akausifia mji. Boti kutoka Kilwa Masoko mnachukua kibali pale ofisini mnavuka. Mimi nimeenda siku ya kazi, nilikuwa mimi, muongozaji na mbuzi.

Na kituko mnachotaka kipo. Muulizeni yeyote wa mji mkongwe kwanini vyumba vya zamani vya Kiswahili ni virefu na vyembamba kama korido. Sababu ni boriti! Boriti ya mkoko haivuki kama mita 3 hivi ya uwazi, kwa hiyo chumba upana wake kimepimwa na mti wa baharini, tajiri na masikini wote upana ule ule, tajiri anaongeza urefu tu.

---

Mzee wa Goba

Mkereketwa umenipiga pabaya, mimi mzaliwa wa Lindi na Kilwa napita na basi naona kibao tu. Hiyo haihitaji visa, Desemba nampeleka Neema.

---

Shoga wa Kariakoo

Nani amefika Lalibela kule Ethiopia ajibu, au niseme mimi? Nasema mimi basi. Tulienda Krismasi yao, tarehe 7 Januari. Makanisa 11, na hayajajengwa, yamechongwa, yaani walianzia juu kwenye mwamba wakashuka, paa kwanza halafu ukuta halafu mlango mwishoni. Ukikosea hakuna kuongeza tofali, jiwe likishatoka limetoka. Lile la Mtakatifu George ukifika huoni kitu, unaona uwanja wa mwamba, unasogea unakuta shimo na ndani ya shimo kuna kanisa zima la umbo la msalaba, paa lake ndio liko usawa wa miguu yako. Magoti yangu yalilegea, na watu wamejaa kwenye kingo wote mashuka meupe wanaimba. Kwa sasa hivi ulizieni kwanza hali ya usalama wa upande ule kabla ya kukata tiketi.

---

Injinia wa Udongo

Mzee wa Goba unazunguka dunia nzima hujaniletea vipimo.

---

Mzee wa Goba

Nimetoka saiti sasa hivi, samahanini. Ukuta kimo mita 3, timazi nimeidondosha mara tatu, juu umetoka sentimita 7.

---

Injinia wa Udongo

Hiyo ni kama digrii 1.3. Kwa kulinganisha, ukuta wako ukilala kama Pisa wa sasa ungetoka sentimita 21, kama ule wa mama Tunu ungetoka 27. Kwa hiyo kiingilio hupati. Ila kwa ukuta wa tofali ambao haujabeba kitu bado, 7 ni nyingi, usithubutu kuweka lenta wala kupaua juu yake, na plasta haitasaidia lolote hapo fundi alikudanganya.

Lakini nijibu hili: umelala kuanzia kozi ya kwanza au umeanza kulala katikati? Na uangalie jamvi (lile zege la chini) kwenye hiyo pembe, kuna ufa? Maji ya mvua ya huyo jirani yanaenda wapi? Fundi akikosea timazi kwa kawaida ukuta unakwenda zigizaga. Ukuta wote ukilala kwa pamoja kama ubao mimi naanza kutazama chini.

---

Mzee wa Goba

Injinia.

Umelala kuanzia chini, wote, kama ubao ulivyosema. Nimerudi na tochi. Kwenye pembe jamvi lina ufa, nimeingiza funguo ya gari imezama. Na bomba la gata la jirani linamwaga maji pale pale nyuma ya ukuta, kuna kishimo kabisa, udongo ukiukanyaga kiatu kinaingia. Mvua za mwezi uliopita zote zimeshukia hapo.

Nimempigia fundi mara tatu hapokei.

---

Kapuku Mwandamizi

Mtumie picha ya Pisa.